Kinundu cha Mtulinga

Mkwe wangu aliponiomba mwili wangu kwa ajili ya masomo yake, nilimjibu kwamba bado nautumia.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi la sebuleni, naye akasimama mlangoni na kitabu kinene kwapani na kipande cha chaki sikioni kama fundi seremala. Akanieleza, kwa adabu zake zote, kwamba chuo cha uuguzi kina seti moja tu ya mifupa ya plastiki kwa wanafunzi sitini, na seti yenyewe haina mkono wa kulia. Vijana wanaizunguka, yeye anabaki nyuma akitazama visogo vya watu. Picha za kitabuni hazimwingii kichwani kwa sababu zimelala bapa, na yeye tangu utotoni haelewi kitu mpaka akiguse. Je, mama angekubali kuguswa?

Huyu mkwe wangu alipiga deki wodi za hospitali miaka minane, kabla mkuu wa wauguzi hajamshika sikio na kumpeleka kujaza fomu ya chuo. Ana miaka thelathini na sita. Darasani ndiye mkubwa kuliko wote, na wenzake wanamwita Shangazi. Siku alipopata nafasi alilia jikoni mpaka sufuria ikaungua. Mimi nilinung'unikia ile sufuria, lakini moyoni nilifurahi kumpita yeye. Sipendi kuonekana nafurahi, nimeumbwa hivyo.

Basi nikalala kifudifudi, akaanza.

Alianzia shingoni, akahesabu pingili saba kwa kidole, akashuka kumi na mbili za mgongoni, tano za kiunoni, akaendelea mpaka karibu na kifandugu, ambapo nilimwambia hapo inatosha. Aliniambia mtoto huzaliwa na mifupa karibu mia tatu, na mingine huungana kadiri anavyokua, ndiyo maana sisi watu wazima tumebaki na mia mbili na sita. Alininyoosha mguu akakisukuma kilegesambwa changu, kile kifupa cha mbele ya goti, huku na huku, nikashangaa kuona kinateleza. Alinieleza kwamba msuli hushikizwa kwenye mfupa kwa kano, na mfupa hufungwa kwa mfupa mwenzake kwa ligamenti, na kwenye goti ncha za mifupa zimevikwa gegedu ili zisisagane. Nikamwambia gegedu zangu zimeshahama. Akasema, ndiyo mama, nazisikia.

Siku nyingine alinionyesha jambo lililonifanya nimtazame upya. Mimi nilikuwa mpiga chapa serikalini miaka thelathini na mmoja, na vidole vyangu vilikuwa na sifa jengo zima. Akaniambia nivichezeshe kana kwamba niko kwenye taipureta, kisha akachukua mkono wangu wa pili akauweka juu ya kigasha, chini kidogo ya kiwiko. Misuli ilikuwa ikirukaruka huko. Vidole vyenyewe, akasema, havina misuli, vinavutwa na kano ndefu kutoka huku juu. Miaka yote ile nilivisifu vidole, kumbe kazi ilikuwa ikifanywa na mwingine ambaye haonekani, sawasawa na ilivyokuwa ofisini kwetu.

Sasa nije kwenye ubaya wangu.

Nina mambo mawili ninayojivunia, na nyumba nzima inayajua kwa sababu nimeyarudia mno. La kwanza, sijawahi kuvunjika hata kidole. La pili, mume wangu, Mungu amrehemu, nilimwona uso kwa uso siku ya harusi na si kabla. Hili la pili ndilo nililomchapia mkwe wangu tangu alipoingia humu ndani, maana yeye na mwanangu walizunguka pamoja miaka miwili mizima kabla ya ndoa, wakinunuliana soda mchana kweupe. Kila walipopishana maneno, mimi nilikohoa na kusema kwamba sisi hatukuchaguana na bado tulielewana. Yote mawili ni uongo, tena uongo uliozaliwa siku moja.

Chaki aliyokuwa akinichorea mifupa ilipofika kwenye mtulinga wangu wa kushoto, ule mfupa mwembamba unaotoka chini ya koo kwenda begani, vidole vya mkwe wangu vilisimama. Mimi huvaa mtandio mwaka mzima, liwake jua inyeshe mvua, na tangu mume wangu afariki hakuna mtu aliyenigusa pale.

"Mama, hapa katikati pana kinundu," akasema. "Upande wa kulia hakuna."

"Ndivyo mfupa ulivyo," nikamjibu. "Mimi sijawahi kuvunjika, unajua."

Akafikiri kidogo, akasema labda ni kwa sababu ya moyo, maana nao umeegemea kushoto. Nikasema bila shaka. Akaandika kwenye daftari lake, kwa ule mwandiko wake mzuri, kwamba mtulinga wa kushoto una kinundu katikati, akapiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu. Ningeweza kumzuia. Badala yake nilijifunga mtandio wangu nikaomba chai.

Mtihani wa vitendo ulikuwa wa meza kumi, na kila meza ina alama moja. Meza nyingi zilikuwa na mfupa au picha ya misuli, ila ya tatu alikaa mtu mzima aliyejitolea, na ilibidi upate saba ndipo ufaulu. Meza mbili za mwanzo mkwe wangu alizipita bila wasiwasi. Kwenye ya tatu alikuta kijana mcheza mpira, kifua wazi, akaambiwa aitafute mitulinga yake na kusema kama ni mizima. Akapapasa kulia, sawa. Akapapasa kushoto, hakuona kinundu. Akarudia. Kisha akawageukia mwalimu wa mifupa na msahihishaji aliyetoka chuo kingine, akawatangazia bila kumung'unya maneno kwamba mtulinga wa kushoto wa kijana huyu una hitilafu, kinundu chake kimepotea, na apelekwe kupigwa picha mara moja.

Kijana akauliza kama atakufa. Msahihishaji alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu wa mifupa hakucheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Kuanzia hapo mkwe wangu hakuwa mtu tena. Kilegesambwa alikiita kisigino. Mbele ya kidari alisimama kimya mpaka kengele ikalia. Alipata tatu kati ya kumi. Sheria ya chuo ni kwamba unarudia mara moja baada ya wiki mbili, ukishindwa tena unarudi ulikotoka, na yeye alikotoka ni kwenye ndoo na dekio.

Haya alitusimulia akiwa amesimama, begi lingali begani. Mwanangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti na hana maneno mengi, alianza kucheka ili kumfariji, akaona haifai, akaacha. Mkwe wangu akaitazama mikono yake mbele na nyuma.

"Vidole vyangu vinanidanganya," akasema. "Nimejifunza kwa mama, na mama hajawahi kuvunjika. Mimi nikasikia kitu ambacho hakipo."

Nilisubiri anitazame kwa shaka, hata kidogo. Hakunitazama. Haikumpitia akilini kwamba mwongo alikuwa mimi, aliona bora ajishuku mwenyewe. Chakula kilinishinda siku ile.

Tangu hapo hakugusa mtu. Alizunguka uani na kitabu akikariri kwa sauti, na kadiri alivyokariri ndivyo mifupa ilivyozidi kuhama, leo mfupa wa paja uko mkononi, kesho wa mkono uko mguuni. Nilimpa goti langu. Akasema asante mama, nisikusumbue. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya uamke ukaoshe vyombo ambavyo ni visafi.

Jumapili tukiwa mezani nikajipa moyo, nikaamua kusema ukweli nusu. Nikasema, nimekumbuka, kuna siku niliteleza kwenye ngazi za ofisini nikaumia bega hili. Mwanangu akaweka kijiko chini. Akauliza ilikuwa lini. Nikasema zamani, wewe ukiwa mdogo. Akasema akiwa mdogo alinipitia ofisini kila siku akitoka shule, akanibebea mkoba, na hakumbuki bega lolote. Kisha akanyoosha kijiko kuelekea ukutani, kwenye cheti changu chenye fremu, kilichoandikwa na mkurugenzi mwenyewe: miaka thelathini na mmoja bila kukosa kazini siku hata moja. Cheti hicho nilikitundika mimi, na kila Ijumaa nakifuta vumbi.

Mkwe wangu akatabasamu, tabasamu la huzuni, akanishika mkono. "Mama, usijisingizie kwa ajili yangu," akasema.

Kumbe alidhani nadanganya kwa huruma.

Jumatatu mwanangu alipokwenda kazini nilimwita mkwe wangu chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikavua mtandio. Nikavichukua vidole vyake nikaviweka pale penye kinundu. Nikamwambia havikumdanganya hata siku moja.

Nikamweleza yote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza upigaji chapa, na nyuma ya chuo chetu kulikuwa na barabara yenye mteremko. Karani mmoja wa posta alikuwa na baiskeli. Kwa miezi mitano, kila Jumatano baada ya masomo, nilipanda nyuma kwenye kerea, nimemshika kiunoni, na nyumbani wakijua niko maktaba. Jumatano moja alitaka kunionyesha kwamba anaweza kuendesha bila kushika usukani. Aliweza, mpaka kwenye jiwe. Nilitua kwa bega la kushoto, nikasikia kitu kikilia ndani yangu kama kijiti. Nyumbani nilisema nimeteleza bafuni. Sikwenda hospitali, maana hospitali wangeuliza. Nilifunga mkono kwa mtandio, chuoni nikasema ni mtindo, nikapiga taipu kwa mkono mmoja wiki tatu. Yule karani aliogopa sana, akaona la maana la kufanya ni kuwatuma wazee wake kwetu. Siku ya harusi tulitazamana kama watu tusiojuana, na nilijitahidi nisicheke.

"Kwa hiyo baba ndiye…" akaanza.

"Ndiye."

Alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakasirika, nami nilikuwa nikilisubiri hilo. Akaniambia kwa upole lakini bila kuzungusha kwamba amevikatia tamaa vidole vyake, kwamba usiku amekuwa akiota ndoo, na mimi nilikuwa nakunywa chai. Nikamwomba radhi. Sina mazoea ya kuomba radhi, ilinitoka vibaya vibaya, lakini aliipokea. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba mwanangu asijue. Akasema sawa, mama.

Wiki ile hapakukalika. Alinipapasa upya kuanzia fuvu mpaka unyayo. Alimsimamisha mumewe mlangoni akirudi kazini na moshi wake wote, akamkagua mitulinga, akamwachia apite. Kila jirani aliyekuja kuazima chumvi aliondoka na chumvi yake na akiwa amepapaswa mitulinga. Alikuta mitulinga iliyonyooka kama rula na iliyopinda kama kishikio cha ndoo, minene na myembamba, yote mizima, na alikuwa akirudi ndani akitabasamu peke yake. Mifupa ikaanza kurudi mahali pake, kila mmoja kwenye kiungo chake.

Kisha akaenda kwa mwalimu wa mifupa akamweleza kilichomponza, bila kusema jinsi nilivyovunjika. Mwalimu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya spika, akasema mfupa uliojiunga wenyewe bila daktari ni kitu adimu chuoni pale, na kwamba mama huyo aletwe. Ndivyo nilivyojikuta, siku ya mtihani wa marudio, nimekaa meza ya kumi bega wazi, mbele ya wanafunzi sita waliokuwa na hofu kuliko mimi. Kwa kuwa mkwe wangu jibu langu analijua, yeye meza ile angeulizwa maswali yake tofauti.

Kutoka pale nilipokaa niliiona meza ya tatu vizuri. Safari hii hawakuweka mcheza mpira. Waliweka mpishi wa chuo, mtu wa kilo zake, ambaye mitulinga yake imezama kwenye nyama. Mkwe wangu akasimama mbele yake. Nikaona anafuta viganja kwenye sare. Akamwomba ruhusa amguse. Akaanzia kwenye kishimo cha chini ya koo, mikono miwili, pande mbili kwa pamoja, akaenda polepole kuelekea mabegani. Akarudi. Msahihishaji yule wa miwani akatazama saa. Mkwe wangu hakumtazama, alikuwa amefumba macho.

"Yote miwili ni mizima," akasema. "Hajawahi kuvunjika."

Mpishi akathibitisha kwamba ni kweli. Kuanzia hapo alikwenda kama mtu anayetandika kitanda chake mwenyewe. Nilimsikia akitaja ncha ya mfupa huu na kichwa cha ule, msuli gani unakunja na upi unanyoosha, lakini kwa nyuso za wale wawili huwezi kujua kitu, na kalamu zao zilikuwa zikiandika tu. Alipofika mezani kwangu hakuna aliyejua ana ngapi, si yeye wala mimi.

Akanigusa kinundu, akawaeleza kwamba mfupa ulivunjika katikati, ncha zikapandana kidogo, mwili ukajenga mfupa mpya kuzigandisha, ndiyo maana pamevimba. Akaeleza jinsi mgonjwa wa namna hii anavyofungwa mkono kwa kitambaa shingoni, na jinsi muuguzi anavyokagua vidole kama vina joto na vinahisi. Msahihishaji akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza mgonjwa aliumiaje. Akaongeza kwamba bila historia ya jeraha alama ya meza hii haitimii.

Mkwe wangu akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

"Ninaijua, mwalimu," akasema. "Lakini mgonjwa aliniambia kwa siri. Siwezi kuisema."

Msahihishaji akasema basi itabidi paachwe wazi.

"Paache wazi, mwalimu."

Mimi nimepiga chapa siri za watu miaka thelathini na mmoja, barua za kufukuzwa na za kupandishwa, na hazikutoka mdomoni mwangu. Nilijiona ndiye mtunza siri peke yake katika familia hii. Sasa huyu niliyemsema miaka yote kwa sababu ya soda alikuwa tayari kurudi kwenye ndoo ili nisionekane muhuni wa miaka arobaini na saba iliyopita. Machozi yalinijaa.

"Andika," nikamwambia msahihishaji. "Nilianguka kutoka kwenye baiskeli ya mpenzi wangu. Niliwadanganya wazazi wangu, nikamdanganya na huyu. Na mteremko ulikuwa mkali."

Wanafunzi wote sita waligeuka. Mpishi alicheka hadi kiti kikalia. Mwalimu wa mifupa akauliza, kwa ile sauti yake, huyo kijana wa baiskeli aliishia wapi. Nikamwambia aliishia kuwa baba mkwe wa mwanafunzi wako.

Alipata tisa kati ya kumi. Ile moja aliyokosa ni ya picha ya mifupa ya mkono wa kulia, ule mkono wa seti ya plastiki ambao hawakuwahi kuununua. Baadaye mwalimu akaninong'oneza kwamba alama ya mezani kwangu walikuwa wamekwisha kumpa kabla sijafungua kinywa, kwa sababu kutunza siri ya mgonjwa ndilo jibu lenyewe walilokuwa wakilitafuta. Kwa hiyo nilijianika bure.

Jioni nilimwambia mwanangu mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutafuna. Akakitazama cheti ukutani, kisha akanitazama mimi, kama anayepima geti kabla ya kulikata. Akauliza kama anaweza kupagusa. Nikasogeza mtandio. Akaweka kidole chake kigumu, chenye makovu ya cheche, juu ya kinundu, akakiacha pale kwa muda mrefu.

"Hapa ndipo baba alipokuangusha," akasema.

"Hapo hapo."

Mume wangu hana picha nyingi, nguo zake tuligawa, baiskeli iliibiwa zamani. Nilitambua kwamba kila nilipokificha kile kinundu nilikuwa namficha yeye, na nikalia kidogo, na mkwe wangu naye akalia, halafu akasema mtulinga ni miongoni mwa mifupa inayovunjika zaidi mwilini kwa hiyo nisijione wa pekee.

Mwanangu akafuta uso kwa mkono wa shati, akaniuliza kama sasa nitaacha kuwasema kuhusu zile soda. Nikamwambia nitafikiria.